Ufuo wa Gisenyi: Mapumziko ya Wengi, Kazi ya Wengi

Watu wengi wakisikia jina la Gisenyi huwaza mapumziko tu. Husema, "Kule ni mahali pa kuogelea, kula samaki na kupiga picha." Hawasemi uongo, lakini wamesema nusu ya habari. Mji ambao wageni huuendea ili wapumzike ni mji ambao wenyeji wake hufanya kazi. Tena siku ile mgeni anayopumzika sana ndiyo siku mwenyeji anayochoka sana. Katika somo hili nataka kueleza jinsi ufuo wetu ulivyopata kuwa mahali pa starehe, ni watu gani wanaoishi kwa starehe hiyo, na ni hatari gani zilizo karibu nayo. Mwisho nitasema kwa nini nadhani ufuo huo hauna budi kubaki wazi kwa watu wote. Mimi nimezaliwa huko, na kila likizo humsaidia shangazi yangu ambaye ni mchuuzi wa samaki. Kwa hiyo mengine nitakayoyasema nimeyasoma vitabuni, na mengine nimeyabeba kichwani ndani ya beseni.

MAHALI PENYEWE

Gisenyi iko kaskazini-magharibi mwa Rwanda, kwenye ukingo wa Ziwa Kivu, mpakani kabisa na Kongo. Mji wa Goma uko upande wa pili wa mpaka, nayo miji hii miwili imekua mpaka ikagusana, hata mgeni akitazama kutoka mlimani hawezi kujua huu unaishia wapi na ule unaanzia wapi. Tangu mwaka 2006 Gisenyi imo katika Wilaya ya Rubavu, Jimbo la Magharibi. Wilaya hii ina watu wengi sana: hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba wamepita 500,000.

Ziwa lenyewe liko juu, kiasi cha mita 1,460 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo sababu hewa yake si ya joto kali kama ya pwani, wala si ya baridi kali kama ya milima ya Virunga iliyo nyuma yake. Urefu wake ni karibu kilometa 90 toka kaskazini hata kusini, na kina chake chapita mita 480. Wataalamu wa ardhi wanasema kwamba hapo kale sana maji ya bonde hili yalikwenda kaskazini, upande wa Nile. Kisha volkano za Virunga zikainuka zikaziba njia, kama mtu azibavyo mfereji kwa udongo. Maji yakajaa nyuma ya ukuta huo, yakapanda, mwisho yakapata mlango upande wa kusini. Mlango huo ndio mto Ruzizi, ambao wapeleka maji ya Kivu katika Ziwa Tanganyika.

Habari hii yaeleza mambo mengi tunayoyaona leo. Yaeleza kwa nini kingo za ziwa ni za mwinuko mkali, kwani ni pande za mabonde yaliyofunikwa na maji. Yaeleza pia kwa nini samaki wa asili wa Kivu walikuwa wa aina chache, maana mto Ruzizi una maporomoko ambayo samaki wa Tanganyika hawawezi kuyapanda. Mamba nao hawamo, na hilo peke yake limewafanya watu wa mbali walipende ziwa hili kwa kuogelea.

JINSI STAREHE ILIVYOANZA

Mzungu wa kwanza anayejulikana kwamba alivuka Rwanda mpaka akafika Ziwa Kivu ni Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, mwaka 1894. Baadaye Wajerumani waliweka kituo chao hapa, nao wakaandika jina lake "Kissenji". Katika Vita Kuu ya Kwanza mpaka huu ulikuwa mahali pa mapigano, na mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka nchi.

Ni wakati wa Wabelgiji ndipo ufuo ulipopata sura yake ya mapumziko. Kongo na Ruanda-Urundi zote zilikuwa chini ya mkono mmoja, na Wazungu wa mashamba na wa maofisi walitafuta mahali penye hewa njema pa kupumzikia na wake zao na watoto wao. Nyumba kubwa zikajengwa kandokando ya maji, zenye varanda pana na bustani, na hoteli zikafunguliwa. Miti ikapandwa kando ya barabara ya ziwani, nayo mingine yatupa kivuli hata leo.

Lakini tusisahau nani alikuwa akifanya nini. Mwenyeji aliyeingia katika nyumba zile aliingia kwa mlango wa nyuma, akiwa mpishi, au dobi, au mtunza bustani. Alizijua sahani za starehe kwa kuziosha. Baada ya uhuru, tarehe 1 Julai 1962, mambo yalibadilika kidogo kidogo. Wanyarwanda wenyewe wakaanza kuja ufuoni Jumapili kwa miguu yao, wakiwa na nguo zao nzuri. Maharusi wakaja kupigwa picha. Kwaya zikaja baada ya ibada. Leo watu wa Kigali huja kwa basi mwisho wa juma, nao wenyeji hukaa nao kwenye mchanga ule ule.

Mji wenyewe una watu wa namna nyingi. Juu kidogo iko Nyundo, misheni iliyoanzishwa mwaka 1901. Hapo ndipo Askofu Aloys Bigirumwami, aliyewekwa wakfu mwaka 1952, alipokuwa askofu wa kwanza Mwafrika katika nchi zote zilizotawaliwa na Wabelgiji. Chini mjini uko mtaa wa Majengo, ambao jina lake peke yake lakuambia kwamba Kiswahili kilifika zamani. Waislamu, wafanya biashara na wasafiri wa Kongo wamekisema hapa vizazi kwa vizazi, kabla Bunge la Rwanda halijakipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Sokoni mtu huuliza bei kwa Kinyarwanda, hupunguziwa kwa Kiswahili, na hushukuru kwa Kifaransa.

KAZI ZA USIKU

Mgeni anayekula sambaza waliokaangwa, na limau na chumvi pembeni, anakula kazi ya usiku kucha. Samaki huyu mdogo ni jamaa ya dagaa wa Kigoma. Hakuwamo katika Kivu zamani. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika na watu, miaka ya mwisho ya 1950, kwa sababu wataalamu waliona kwamba katika maji ya katikati ya ziwa palikuwa na viumbe vidogo mno vingi visivyoliwa na samaki yeyote. Sambaza alipotiwa humo alipata chakula tele, akazaana, na leo ni samaki wa kila jiko.

Namna ya kumvua yastahili kuelezwa. Wavuvi hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti, ikaenda sambamba. Mbele na nyuma hutokeza nguzo ndefu za mkaratusi, zimeinama, mfano wa pembe za panzi, nazo ndizo zishikazo kamba za wavu. Jua likishuka huondoka mwaloni, wakipiga makafi na kuimba. Wimbo si wa kujifurahisha tu. Ndio uwawezeshao wote kuvuta kafi kwa wakati mmoja. Mtalii aliye ufuoni hutoa simu yake na kurekodi sauti zile, akidhani waimba kwa ajili yake.

Wakifika mbali huwasha taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Sasa wengi hutumia taa za betri. Viumbe vidogo hufuata mwanga, sambaza huwafuata viumbe, na wavu uliokuwa umeshushwa chini huinuliwa polepole kutoka pande zote. Mbalamwezi ikiwa kali kazi hii haifai, maana mwanga uko kila mahali na samaki hawakusanyiki. Kwa hiyo usiku ambao mgeni ausifu kwa mwezi wake mzuri, mvuvi amelala kwake bila mapato.

Tena kila mwaka serikali hufunga uvuvi wa sambaza kwa muda, kwa kawaida miezi miwili, ili samaki wazaane. Wakati huo mitumbwi hupumzishwa na nyavu hushonwa. Ni miezi mizito kwa nyumba nyingi. Shangazi yangu huuza nyanya na vitunguu mpaka ziwa lifunguliwe tena, na sisi watoto wa nyumba hiyo tunajua kwamba daftari jipya halinunuliwi miezi hiyo. Hata hivyo wavuvi wenyewe huikubali amri, kwa sababu wameona mavuno yanavyopungua watu wanapotumia nyavu za matundu madogo mno. Ziwa nalo lina haki ya likizo.

KAZI ZA MCHANA

Kukipambazuka kazi hugeuka. Mwaloni wanawake wangoja na mabeseni. Sambaza huuzwa wakingali wabichi, au huanikwa juani. Ufuoni mafagio yaanza kupita. Baadaye huja wapiga picha wenye kamera shingoni, wapiga makasia wanaopeleka wageni majini, wauzaji wa mishikaki na mahindi ya kuchoma, na vijana wanaolinda baiskeli.

Ukifuata barabara ya ziwani kuelekea kusini wafika Rubona, kilometa chache kutoka mjini, palipo kiwanda cha bia kilichoanzishwa mwaka 1957. Hatua chache mbele yake, Nyamyumba, maji moto yatoka ardhini. Twayaita amashyuza. Wenyeji wameyaendea tangu zamani kwa kuoga na kukanda viungo vinavyouma, na kuna vijana ambao kazi yao ni kuwasugua wageni miguu. Watoto huchemsha viazi humo, wakawauzia wageni viazi hivyo kwa bei ya ajabu.

Kisha uko mpaka. Kabla ya ugonjwa wa korona kufunga njia mwaka 2020, watu makumi ya maelfu walikuwa wakivuka kati ya Goma na Gisenyi kwa siku moja, wengi wao wanawake wachuuzi wenye mizigo kichwani. Mboga, maziwa na nyama zaenda upande mmoja; vitenge na sabuni zaja upande huu. Jumapili waliokuwa wakivuka na mizigo walivuka na watoto wao, waje kuogelea.

Wenyeji nao wana michezo yao. Mji huu wapenda sana mpira wa miguu: Etincelles na Marines huchezea Uwanja wa Umuganda, na mwaka 2016, mashindano ya CHAN yalipofanyika Rwanda, Mali, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilicheza hapo mechi za kundi lao. Ziwani pia hufanyika mashindano ya watu wanaoogelea, kisha wakapanda baiskeli, kisha wakakimbia. Na waendao kwa miguu au baiskeli wana njia ndefu iitwayo Congo Nile Trail, inayoanzia Gisenyi ikafuata milima ya ziwani mpaka Rusizi, kilometa 227. Njia hiyo yapita kati ya mashamba ya kahawa na ya migomba, na msafiri akiwa na kiu humwomba maji mkulima ambaye hajapata likizo hata siku moja maishani mwake.

HATARI ZILIZO KARIBU

Sasa nije kwenye sehemu ambayo vitabu vya watalii huipita haraka.

Hatari ya kwanza ni maji yenyewe. Kwa kuwa kingo za ziwa huteremka ghafula, mtu aweza kusimama maji yakiwa kifuani, akapiga hatua mbili, asipate chini. Upepo nao huamka bila taarifa na kuinua mawimbi makali. Jambo la kusikitisha ni kwamba watoto wengi waishio juu kidogo ya ziwa hawajui kuogelea. Huja kufua na kuteka maji, huja kutazama wengine wakicheza, na siku moja huingia. Katika kijiji chetu nimeona mama akikaa ukingoni siku tatu, akingoja ziwa limrudishie mwanawe. Tangu hapo sisemi tena kwamba kuogelea ni mchezo wa matajiri.

Hatari ya pili ni hewa. Chini kabisa katika Kivu, ndani ya maji mazito, imo hewa nyingi iliyoyeyuka: hewa ya kaboni kiasi cha kilometa za ujazo 300, na methani kiasi cha 60. Uzito wa maji yaliyo juu ndio uishikao huko chini, kama kizibo kinavyoishika hewa katika chupa ya soda. Anayeogelea ufuoni hadhuriki nayo, maana iko mbali sana chini yake. Lakini tukio la Ziwa Nyos katika Kameruni lilitufundisha kutodharau: mwaka 1986 hewa ya kaboni ilitoka ziwani humo usiku, ikaua watu karibu 1,700. Kwa upande mwingine hewa hii ni mali. Maji ya chini yakivutwa juu kwa bomba, uzito hupungua, hewa huchemka na kutengana na maji, na methani huweza kuchomwa. Tangu mwaka 1963 kiwanda cha bia cha hapa kilitumia methani ya ziwa, na mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt uliozinduliwa huko Karongi ulianza kutoa umeme wa megawati 26. Hivyo kuitoa hewa kwa uangalifu ni kupata moto na pia ni kupunguza hatari.

Iko hewa nyingine, ambayo hutoka ardhini penyewe, hasa upande wa Goma. Jina lake ni mazuku, neno la Kiswahili cha huku, na wataalamu wa ulimwengu wamelichukua jinsi lilivyo. Ni hewa ya kaboni tena. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hulala mabondeni na mashimoni kama maji yasiyoonekana. Mbuzi huanguka humo, na mtoto huanguka kabla ya mtu mzima kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi. Wazee walisema ni pepo wabaya watembeao usiku. Hawakujua kemia, lakini walijua mahali pa kutokupita, na ujuzi huo umeokoa watu.

Hatari ya tatu ni moto wa Nyiragongo. Mlima huo uliwaka mwaka 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, tena tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 mto wa mawe yaliyoyeyuka ulipita katikati ya Goma mpaka ziwani, na watu maelfu kwa maelfu wakakimbilia Gisenyi. Mwaka 2021 matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba na barabara za Rubavu.

Ya nne ni mvua. Mto Sebeya washuka kutoka milima ya Gishwati, ambako msitu mkubwa ulikatwa karibu wote katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita. Kilichobaki, pamoja na msitu wa Mukura, kilifanywa hifadhi ya taifa. Udongo usio na mizizi ya kuushika hufuata maji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha, Sebeya ikafurika, milima ikaporomoka, na watu zaidi ya 130 walikufa katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini. Wilaya ya Rubavu iliumia sana. Siku zile ziwa lilikuwa jekundu kama chai, na hakuna aliyeuliza habari za kuogelea.

Hatari ya tano yatoka kwa wanadamu. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari yaliyotendewa Watutsi yalifika hapa pia. Mahali paitwapo Commune Rouge pana ukumbusho wa waliouawa, na kila mgeni anayekuja Gisenyi kupumzika ingemfaa asimame hapo kwanza. Julai mwaka huo huo watu mamia ya maelfu walimiminika kwenda Goma kwa siku chache, na kipindupindu kikaua wengi. Desemba, mama mmoja Mmarekani, Rosamond Carr, aliyekuwa na shamba la maua Mugongo, milimani juu ya mji, aligeuza nyumba ya kukaushia pareto kuwa makao ya watoto yatima, akayaita Imbabazi. Akaishi na kazi hiyo mpaka kifo chake mwaka 2006. Na Januari 2025 vita vilipoingia Goma, makombora yalianguka hata upande wa Rubavu, na watu kadhaa wakafa. Mahali pa mapumziko si kisiwa. Kilio cha jirani huvuka maji.

UFUO NI WA NANI?

Sasa nafika kwenye swali langu. Katika likizo moja nilitaka kupita kwa njia ambayo mama yangu aliitumia utotoni kwenda kuteka maji. Nikakuta ukuta na lango, na mlinzi akanirudisha kwa adabu, akisema njia imefungwa. Sitaji jina la nyumba ile, maana sitaki kugombana na mtu. Nyumba kama hizo ziko kila ziwa na kila bahari.

Wenye kujenga wana hoja zao, na ni haki kuzisikiliza. Wasema kwamba wageni hutaka utulivu. Kwamba mahali palipo wazi kwa wote huchafuka upesi. Kwamba hoteli moja huajiri wapishi, wahudumu, madobi na walinzi wengi, na hununua samaki na mboga kwa wenyeji. Yote ni kweli. Shangazi yangu huuza sambaza wake kwenye majiko ya hoteli, na ada yangu ya shule imetoka huko.

Lakini hoja hizo zathibitisha kwamba hoteli yahitaji wenyeji. Hazithibitishi kwamba wenyeji hawahitaji ziwa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2005 iliweka ukanda wa mita 50 kutoka ukingo wa ziwa, na mita 10 kutoka mto, ulindwe. Maana yake ya kwanza ni kulinda maji na udongo. Nami naona maana ya pili: kwamba ukingo wa ziwa si uwanja wa nyuma wa mtu. Wenzetu wa baharini wanalijua jambo hili. Mombasa kuna ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kati ya hoteli kubwa, na Dar es Salaam kuna Coco Beach, ambako dereva wa daladala na balozi huweza kukanyaga mchanga mmoja. Gisenyi nayo ina ufuo wa umma mjini, na huo ndio fahari yetu kuliko ukuta wowote.

Nadhani mambo matatu yanatosha kuulinda. La kwanza, kila mahali panapojengwa iachwe njia ya miguu hadi majini, yenye upana wa watu wawili wenye ndoo. La pili, kila shule ya kandokando ya ziwa ifundishe kuogelea kama inavyofundisha kusoma. Sisi wanafunzi wakubwa tujitolee kuwafundisha wadogo wakati wa likizo, mahali pasipo kina, tena pakiwa na mtu mzima na kamba. La tatu, tukiutaka ufuo wa wote tuusafishe sote. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi usiishie barabarani. Uteremke mpaka majini. Ufuo mchafu ndiyo hoja kubwa kuliko zote anayoweza kupewa mwenye kutaka kujenga ukuta.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame. Mgeni akija na fedha zake na furaha yake, na mwenyeji akabaki na kazi yake, njia yake na watoto wake walio hai, hapo ndipo mahali pataitwa pa mapumziko kwa haki.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Eleza kwa nini Ziwa Kivu lilikuwa na samaki wa aina chache kabla ya sambaza kuletwa.
2. Kwa nini wavuvi wa sambaza hawapati kitu mwezi ukiwa mpevu?
3. Methani ya ziwa ni hatari au ni mali? Toa sababu za pande zote mbili.
4. Taja kazi tano zinazofanywa na wenyeji ili mgeni mmoja apumzike siku moja ufuoni.
5. Mahali unapotoka wewe, ni nani anayeweza kufika majini bila kuomba ruhusa, na ni nani asiyeweza?